Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa wa Mtwara: Mabinti wa Mpira wa Mikono Wapewe Klabu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara. Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, Wenyeviti wa Halmashauri na Madiwani. Wakurugenzi Watendaji na Maafisa Michezo. Na viongozi wa vyama vikuu vya ushirika na wa kampuni zinazovuna gesi asilia mkoani kwetu.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA SAKAFU MOJA NA KIFUNGU KIMOJA CHA BAJETI KWA AJILI YA KLABU YA WANAWAKE YA MPIRA WA MIKONO

Kwa heshima na taadhima naomba mniruhusu niseme mbele ya hadhara jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimelisema katika ofisi moja baada ya nyingine, nikipokelewa vizuri kila mara na kuondoka mikono mitupu kila mara. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara. Enzi za usichana wangu nilikuwa kipa wa timu ya mpira wa mikono ya shule, na kwa sasa, jioni tatu za kila wiki, nawafundisha mchezo huo mabinti wapatao ishirini, wengine wangali wanafunzi na wengine wameshamaliza kidato cha nne. Sijatumwa na chama chochote. Naandika kwa sababu kila mwaka nawaona mabinti wenye kipaji wakiuacha mchezo huu katika umri ambao wenzao wa nchi nyingine ndiyo kwanza wanauanza kwa dhati.

Mpira wa mikono si mgeni mkoani kwetu. Upo katika mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya shule za sekondari (UMISSETA), na mkoa wetu ulipata heshima ya kuwa mwenyeji wa mashindano hayo mwaka 2019 na tena mwaka 2021, watoto wa mikoa yote wakaja kucheza hapa. Tatizo liko baada ya kipenga cha mwisho. Msichana wa kidato cha nne anaporudi kutoka kwenye mashindano anaivua jezi, anaifua, anairudisha stoo ya shule, na hapo safari yake ya michezo imekwisha, kwa kuwa hakuna klabu inayomsubiri nje ya geti. Mvulana mwenzake anayecheza soka ana timu ya mtaa, ana ligi ya wilaya, ana Uwanja wa Nangwanda Sijaona wa kuuota. Simwonei wivu, na wala siombi apunguziwe hata senti. Nasema tu kwamba binti naye amefika mwisho wa barabara akiwa na miaka kumi na saba.

Nilikuwa na binti mmoja anayetumia mkono wa kushoto. Wanaoujua mchezo huu wataelewa uzito wa maneno hayo, kwa maana upande wa kulia wa uwanja mchezaji wa mkono wa kulia anakuwa amebanwa na pembe, ilhali wa kushoto analiona goli lote likiwa wazi mbele yake, na ndiyo maana makocha duniani kote huwatafuta wachezaji wa kushoto kama watafutavyo maji wakati wa kiangazi. Huyu wangu aliruka kutoka winga ya kulia, akiwa hewani juu ya mstari wa mita sita, ule unaozunguka eneo la kipa, akamsubiri kipa ajitupe kwanza ndipo akauachia mpira kwa kifundo cha mkono tu, ukadunda mara moja na kuingia. Sikumfundisha kitendo hicho, na hakuwahi kukiona popote. Alimaliza shule, akakaa nyumbani miezi mitatu, na sasa yuko sokoni anamsaidia mama yake. Kazi yake ni ya halali na naiheshimu. Lakini mkono ule umelala.

Waheshimiwa, naomba niwaeleze jinsi klabu mbili za wanawake zilivyojengwa, kwa kuwa naamini historia yake inatufaa sisi moja kwa moja.

Ya kwanza ni Spartak Kyiv, iliyoanzishwa mwaka 1962 katika mji wa Kyiv, nchini Ukraine, wakati ule ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Kocha wake, Igor Turchin, hakukusanya nyota kutoka huku na huko. Alikuwa na kundi la wasichana wa shule aliokuwa akiwafundisha, na walipomaliza shule hakuwaacha watawanyike, bali alikaa nao. Mwaka 1969 wakawa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti, na kombe hilo hawakuliachia kwa misimu ishirini mfululizo, hadi mwaka 1988. Barani Ulaya walitwaa Kombe la Mabingwa mara 13, la kwanza likiwa la mwaka 1970. Mpira wa mikono wa wanawake ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Montreal mwaka 1976, timu ya Kisovieti iliyotwaa dhahabu ilifundishwa na Turchin huyo huyo na ilijaa wachezaji wake wa Spartak, nao wakarudia ushindi huo Moscow mwaka 1980. Zinaida Turchina, aliyekuwa mmoja wa wasichana wale wa shule, alicheza hadi Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 42, akarudi nyumbani na medali ya shaba.

Katika habari hiyo yote, hesabu inayonigusa si zile 13 wala zile 20. Ni ile miaka saba kati ya kuundwa kwa klabu na ubingwa wa kwanza. Miaka saba ni mingi kuliko kipindi kimoja cha uongozi, na ni muda ambao mtu yeyote mwenye haraka ya kupiga picha na kombe angekuwa ameshakata tamaa. Wasichana wale walipewa muda huo na mahali pa kuutumia.

Najua itasemwa kwamba Ulaya ni Ulaya na sisi ni sisi. Basi tuiache Kyiv tuitazame Luanda, mji mkuu wa Angola, kwa Waafrika wenzetu, katika nchi iliyotawaliwa na Wareno kama majirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma.

Angola ilipata uhuru Novemba 1975 na ikaingia vitani karibu siku hiyo hiyo, na vita hivyo havikumalizika hadi mwaka 2002. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 14 Januari 1980, ilianzishwa klabu ya Petro Atlético de Luanda, ikibebwa na shirika la mafuta la taifa, Sonangol. Kama zilivyo klabu nyingi za huko, haikuwa klabu ya soka peke yake. Ilikuwa na mpira wa kikapu, ilikuwa na michezo mingine, na ilikuwa na mpira wa mikono wa wanawake, ambao haukutupwa pembeni kuwa pambo la kujazia ripoti. Timu hiyo ya wanawake imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika zaidi ya mara 15. Inashindana nyumbani na Primeiro de Agosto, klabu iliyozaliwa na jeshi la Angola mwaka 1977, na ushindani wa klabu hizo mbili, mji mmoja, majirani wanaotaniana asubuhi na kukamiana jioni, ndio uliokuwa jiko la timu ya taifa.

Kilichopikwa katika jiko hilo kinajulikana. Timu ya taifa ya wanawake ya Angola, ambayo watu wake huiita Lulu, ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na ilipofika mwaka 2024 ilikuwa imeutwaa mara 16. Imecheza Olimpiki tangu Atlanta mwaka 1996. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2007 nchini Ufaransa ilishika nafasi ya saba duniani. Mjini Rio de Janeiro mwaka 2016 iliifunga Romania 23 kwa 19 na Montenegro 27 kwa 25, ikafika robo fainali. Montenegro hiyo ndiyo iliyokuwa imetwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya London miaka minne tu kabla. Langoni alikuwapo Teresa Almeida, mwanamke wa umbo kubwa ambaye mtu asiyejua angedhani hawezi kuruka, naye akawa kipenzi cha ukumbi mzima. Mimi niliyekuwa kipa, niliyewahi kuambiwa na mwalimu wangu kwamba mwili wangu ni mzito kwa michezo, mtanisamehe nikisema kwamba nilizitazama mechi zile na machozi yakanitoka.

Wengi wenu mtakuwa mmeiona picha ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, ambapo nahodha wa Angola, Albertina Kassoma, aliumia goti katika mechi dhidi ya Brazili, na mchezaji wa Brazili, Tamires Morena, akamnyanyua mikononi na kumtoa nje ya uwanja. Picha ile ilizunguka kwenye simu zetu kwa siku nyingi, watu wakisifu utu, na ni haki yao kuusifu. Mabinti zangu nao waliitazama. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa Angola alianzia wapi?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mchezaji wa Angola hufika Paris akiwa ametoka kwenye klabu yenye sakafu, yenye kocha anayelipwa, na yenye gari linalofika.

Waheshimiwa, Luanda walikuwa na mafuta wakaamua kwamba sehemu ndogo ya mafuta hayo iwe michezo ya mabinti. Sisi tuna gesi. Ya Mnazi Bay inachimbwa pale Msimbati na tangu mwaka 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Lindi wana ya Songo Songo. Halmashauri ambako gesi inatoka hupokea ushuru wa huduma, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inawataka wenye leseni waandae kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii kwa kushauriana na serikali za mitaa. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na sisi walimu ndio wa kwanza kushukuru. Ila nimejaribu kufikiri ni lini ndani ya mipango hiyo liliandikwa neno moja tu kuhusu michezo ya wasichana, nikashindwa kukumbuka. Tunayo pia korosho, na vyama vikuu vya ushirika ambavyo wanachama wake ni baba na mama wa mabinti hawa hawa. Kuanzia Oktoba mazoezi yangu hupungua nusu, kwa sababu mabinti wako mashambani wakiokota. Korosho wanaijua kwa mikono yao, nayo korosho ingeweza kuwajua wao.

Naomba pia niseme wazi kwamba sitaki ufadhili wa kishindo. Vipers ya Kristiansand, nchini Norway, ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na Januari 2025 ikatangazwa kufilisika. Fedha nyingi za haraka huweza kuinunua timu, na zinapokauka timu inakwenda nazo. Ninachoomba ni kidogo, lakini kiwe cha kila mwaka.

Sasa niwaeleze tulivyo. Tunafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha mchanga cha shule, karibu na bahari kiasi kwamba jioni upepo wa kusi unaupeleka mpira unakotaka wenyewe. Magoli tumechonga kwa miti. Mistari tunaichora kwa majivu tunayopewa na mama mmoja anayekaanga korosho barabarani, na hilo la kuchora lina ufundi wake: unachukua kamba ya mita sita, binti mmoja anashika ncha chini ya mwimo wa kushoto, mwingine anazunguka na ncha ya pili akimwaga majivu mpaka apate robo ya duara, kisha mnahamia mwimo wa kulia na kufanya vivyo hivyo, halafu mnaunganisha pande mbili kwa mstari ulionyooka wa mita tatu, sawa na upana wa goli. Inachukua dakika arobaini. Ikinyesha mvua usiku, kesho yake tunaanza upya.

Majivu tumeyazoea. Linalotuumiza ni mchanga. Mpira haudundi mchangani. Mchezaji wa mpira wa mikono anaruhusiwa hatua tatu na sekunde tatu tu akiwa ameushika mpira, na zaidi ya hapo sharti audundishe. Sasa mabinti wangu, kwa kuwa kudundisha hawawezi, wamejifunza kutoa pasi kwa haraka ya ajabu, na watu huwasifu kwa hilo. Lakini siku wanapokutana na sakafu ya saruji, ambako wenzao wanakimbia wakidundisha, wanabaki wamesimama kama wageni. Miguu inateleza, magoti yanachubuka. Nimeshashauriwa tuhamie kwenye mpira wa mikono wa ufukweni kwa kuwa bahari tunayo. Ni mchezo mzuri, ila ni mchezo mwingine, wenye wachezaji wanne uwanjani kwa kila upande badala ya saba na sheria zake pekee, na haumwandai binti kwa ligi ya taifa ya ndani.

Kuhusu usafiri nitasema kwa ufupi, kwa sababu bado linaniuma. Tulialikwa kwenye mashindano katika mkoa mwingine, na mtu mwenye uwezo akatuahidi gari, akatuhakikishia mbele ya wazazi. Mabinti walifika barabarani saa kumi na moja alfajiri, wamevaa suruali za mazoezi na mitandio iliyofungwa vizuri, kila mmoja na mfuko wake wa mihogo ya kuchemsha. Saa nne asubuhi jua lilikuwa kali na gari halijaja, simu haipokelewi. Niliwarudisha majumbani mmoja mmoja, nikawatazama wazazi usoni. Simtaji aliyeahidi, na sitamtaja. Wazazi watatu tangu siku ile hawajawaruhusu tena mabinti zao kuja mazoezini, na siwezi kuwalaumu, maana kumwamini mtu na mtoto wa kike alfajiri si jambo dogo.

Niliwahi pia kuelekezwa kwamba mabinti wajiunge kikundi waombe mkopo katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aliyenishauri alikuwa na nia njema. Lakini mkopo ule ni wa biashara na lazima urejeshwe, na klabu changa ya mpira wa mikono haina inachouza.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Uwanja wa mpira wa mikono una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, ambazo ni mita za mraba 800. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 80, na kwa hesabu niliyofanyiwa na fundi, kiasi hicho kinahitaji mifuko ya saruji kati ya 500 na 600, mbali na kokoto, mchanga na kazi, na mbali na ukingo wa usalama pembeni. Kiwanda kikubwa cha saruji kipo mkoani humu humu. Mafundi tunao, na wazazi wamekubali kusomba mchanga na maji kwa zamu. Sakafu hiyo haitakuwa ya mpira wa mikono pekee, kwa kuwa uwanja wa netiboli, ambao ni mita 30.5 kwa 15.25, unaingia ndani yake ukabaki na nafasi. Ijengwe mahali ambapo binti wa Magomeni na wa Chikongola wanaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya giza.

Pamoja na sakafu, naomba kiwepo kifungu katika bajeti ya halmashauri, hata kikiwa kidogo, chenye jina la mchezo huu, kitakachonunua mipira ya kipimo namba 2 na namba 1, kulipia waamuzi, na kukodi gari kwa safari mbili kwa mwaka. Maandalizi ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hufanyika miezi mingi kabla, kwa hiyo jambo hili likitakiwa liingie, sharti Madiwani walizungumze katika vikao vya robo hii na si baadaye. Usajili wa klabu kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, tutaufuatilia wenyewe, na katiba ya klabu tumeshaanza kuiandika kwa mkono kwenye daftari. Tunachoomba kwa Maafisa Michezo ni mtu mmoja wa kutuongoza katika fomu hizo, awe na namba ya simu inayopokelewa.

Wapo watakaosema kwamba madawati kwanza, dawa kwanza, maji kwanza. Ninafundisha darasani na ninaujua upungufu wa madawati kuliko wengi. Hata hivyo nimeona binti aliyekuwa ameshaacha shule akirudi kwa sababu timu ilimtaka, na nimeona baba aliyekuwa akipanga harusi ya binti wa kidato cha tatu akiahirisha baada ya kumwona akishangiliwa na mtaa mzima. Sina cheti cha kuthibitisha hayo. Nilikuwepo.

Nipo tayari kufika mbele ya kikao chochote, siku yoyote, na mabinti wapo tayari kuja kuonyesha mchezo wenyewe. Mazoezi yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi jioni. Kiongozi yeyote atakayependa kuja kututazama tutampa nafasi ya kushika ile kamba ya mita sita.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu na kocha wa mabinti wa mpira wa mikono,
Mtwara